Mbunifu wa Mavazi Anapogeukia Marashi

Wapo wanaoamini kwamba mbunifu wa mavazi wa Mtwara au Lindi anayegeukia marashi, tena yenye harufu kali ya moshi na utomvu badala ya waridi na asumini tulizozizoea, ameishiwa mitindo na sasa anatafuta jina kwa mlango mwingine. Hoja yao haifai kubezwa. Kuchanganya marashi ni elimu inayojitegemea, hata No. 5, marashi ya mbunifu wa mavazi wa Ufaransa Coco Chanel yaliyotoka mwaka 1921, yalichanganywa na mtaalamu wa marashi Ernest Beaux, si Chanel mwenyewe. Isitoshe, fedha za mikoa hii huja na msimu wa korosho, na mkulima aliyetoka kulipwa ana mabati na ada za watoto za kufikiria kabla ya chupa ya harufu ngeni.

Hata hivyo, kusema kwamba mtu huyo ameikimbia fani yake ni kusahau namna nguo inavyovaliwa Pwani. Kanga na kanzu hufukizwa udi kabla ya kwenda harusini, asumini hufungwa vikuba, na vazi lisilonukia huonekana halijakamilika hata likiwa limeshonwa kwa ustadi wa namna gani. Anayeshona na kufukiza anaendeleza kazi ileile. Kuhusu ukali wa harufu, Rei Kawakubo, mbunifu Mjapani wa chapa ya Comme des Garçons anayeonyesha mavazi yake Paris, alitoa Odeur 53 mwaka 1998, marashi yaliyokusudiwa kukumbusha, pamoja na mengine, mpira ulioungua na rangi ya kucha. Kilichohesabiwa ujasiri Paris hakiwezi kuwa wehu kikifanyika Mikindani.

Malighafi nayo si ya kuagizwa yote. Katika karne ya 19 sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti ya pwani hii, Kilwa na Lindi zikiwemo, ilisafirishwa kupitia Zanzibar hadi Ulaya na Marekani, ambako ilitengenezewa vanishi. Utomvu huohuo ukitiwa kwenye chetezo hutoa harufu nzito ambayo mbunifu mwenye subira anaweza kuijengea marashi, na akitumia mafuta badala ya spiriti atawapata pia wateja wengi wa huku wasiotaka kilevi mwilini, hata kama ni cha kunukia tu. Kibali cha TBS, Shirika la Viwango Tanzania, atakihitaji, na mtaji wa chupa nzuri utamsumbua, lakini hayo humkabili hata mtengeneza sabuni.

Ninachokiona kizito zaidi ni asilimia 10. Hicho ndicho kiasi alichobaki nacho Chanel mwaka 1924 ilipoundwa kampuni ya kuuza marashi yenye jina lake: ndugu wawili, Pierre na Paul Wertheimer, waliokuwa na kiwanda na mtaji, walichukua asilimia 70, na Théophile Bader, aliyewakutanisha, asilimia 20. Chanel aligombana nao kwa miaka zaidi ya 20 kabla ya kupata masharti bora mwaka 1947. Inafaa kulitazama jambo hili kwa utulivu: jina lilikuwa lake, umaarufu uliouza chupa ulikuwa wake, na bado sehemu yake ilikuwa nusu ya ile ya mtu aliyewakutanisha tu. Na huyo alikuwa Chanel, mwenye wateja matajiri. Wanaoonya juu ya marashi huzungumzia pua ya mbunifu na mfuko wa mnunuzi, ilhali hatari iko kwenye mkataba, siku atakapotokea mwenye maduka Dar es Salaam akiahidi chupa, usafiri na matangazo. Mbunifu aliyeanza na chupa chache za mafuta, akauza mwenyewe na kuificha fomula yake, atakuwa na kitu cha kujadiliana siku hiyo. Aliyekodisha jina lake tu hatakuwa nacho, hata harufu yake iwe nzuri kiasi gani.