Nywila Yako Ni Sahihi, Acha Kuiandika

Mama mmoja ninayefanya naye kazi aliniita mezani kwake saa nne asubuhi. Katikati ya skrini kulikuwa na kidirisha kidogo kinachodai nywila ya barua pepe. Akaiandika mbele yangu taratibu kwa kidole kimoja, midomo ikitamka kila herufi bila sauti. Akabonyeza "Sawa". Kidirisha kikaondoka, sekunde chache zikapita, kikarudi kilekile, kitupu.

"Mwanangu, naiandika tangu saa mbili," akasema. "Sasa najiuliza kama nimeanza kusahau mambo."

Hakuwa amesahau kitu. Nywila yake ilikuwa sahihi alipoiandika mara ya kwanza, na ilikuwa sahihi mara ya ishirini. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko hitilafu yenyewe. Mtu anayekiona kidirisha cha nywila anaelewa jambo moja tu: nimekosea. Kumbe programu ya barua inachotaka kusema ni kwamba imebisha hodi kwa seva, ile kompyuta inayotunza barua zako, na haikufunguliwa. Sababu za kutofunguliwa ni nyingi, na nywila mbovu ni moja tu kati yake.

Programu inapotaka kuchukua barua kwa njia ya IMAP, yaani utaratibu wa kupokea barua kutoka kwa seva, huunganika na seva, mara nyingi kwenye poti 993 (mlango wa mtandao wenye namba hiyo), ikataja jina la mtumiaji na kujitambulisha. Seva nayo hujibu kwa maneno. Tangu mwaka 2009 upo utaratibu uliochapishwa, RFC 5530 (RFC ni hati za taratibu za intaneti), unaoipa seva namna ya kueleza kwa nini imekataa: utambulisho haukukubalika, nywila imeisha muda wake, mfumo wa ndani unaohakiki watumiaji haupatikani kwa sasa, au mtumiaji awasiliane na msimamizi. Hayo ni mambo manne, kila moja na tiba yake. Lakini kwa aliyekaa mbele ya kompyuta, mara nyingi yote yanakuja na sura moja: andika nywila.

Najua wapo watakaosema kwamba seva haitakiwi kuropoka. Ikijibu kuwa jina lipo ila nywila siyo, mwizi ameshapata nusu ya anachokitafuta. Nakubali kabisa. Ila usiri huo unahusu jina na nywila tu. Haumkatazi mtengenezaji wa programu kuandika kwa lugha ya kawaida kwamba seva ina matatizo, au kwamba imeacha kupokea namna ya zamani ya kuingia. Na hasara si asubuhi moja iliyopotea. Mtu aliyezoeshwa kuandika nywila kila kidirisha kinapozuka bila maelezo, siku tapeli akimzushia kidirisha chake ataandika vilevile. Tunawasisitizia watu wawe makini na nywila zao, halafu programu tunazowapa zinawafundisha kinyume chake.

Kwa hiyo ninachowaambia watu kwanza ni kuacha. Ukishaiandika mara mbili kwa uangalifu, ukahakikisha kitufe cha herufi kubwa hakijawaka, na kidirisha kikarudi, bonyeza "Ghairi". Fungua kivinjari, nenda kwenye ukurasa wa barua pepe yako, uingie kwa nywila ileile. Ukiingia, basi nywila ni nzima. Iache kama ilivyo, usiibadilishe.

Narudia: usiibadilishe. Mwenzetu mwingine ofisini aliibadilisha kwa hasira, akidhani anasafisha mambo. Alikuwa na barua zake pia kwenye simu na kwenye kishikwambi alichokiacha nyumbani. Vyote viwili vikaendelea kubisha hodi kila baada ya dakika chache kwa nywila ya zamani. Seva ikaona akaunti moja ina majaribio mengi yaliyoshindwa, ikaitafsiri kuwa kuna mtu anajaribu kuvunja, ikaifunga akaunti kwa muda. Sasa kompyuta ikawa inakataliwa hata kwa nywila mpya iliyo sahihi. Naye akaibadilisha tena. Ilipofika jioni alikuwa na nywila tatu kwenye karatasi na hajui ipi ni ipi. Tulichofanya ni kuzima intaneti ya simu, kumpigia mtu wa nyumbani azime kishikwambi, na kusubiri kufuli liishe. Akaingia mara moja.

Baada ya hapo, soma kidirisha. Watu wengi hawakisomi, na siwalaumu, kwa sababu jicho linakimbilia kwenye nafasi ya kuandika. Lakini juu ya nafasi hiyo kwa kawaida kuna mstari unaotaja jina la seva, na jina hilo linaanza aghalabu na "imap", "pop" au "smtp". Tofauti yake ni kubwa. Mbili za kwanza ni za kupokea barua, ya tatu ni ya kutuma. Kompyuta inazihesabu kuwa milango miwili na inatunza nywila ya kila mlango peke yake, hata kama kwako wewe ni nywila moja. Jambo hili lina historia: SMTP ya mwaka 1982 haikuwa inamuuliza mtumaji nywila kabisa, na utaratibu wa kujitambulisha kabla ya kutuma uliongezwa kwa RFC mwaka 1999. Ndiyo maana mpaka leo mipangilio ya kutuma imekaa pembeni, kwenye ukurasa wake, na ndiyo inayosahaulika pale mtu anaporekebisha akaunti.

Nilimsomea yule mama mstari wa kidirisha chake kwa sauti. Seva ilikuwa ya smtp. Tukatazama kikasha cha barua zinazoingia: barua mpya za asubuhi ile zilikuwepo, zimefika bila shida. Tukafungua kikasha cha zinazosubiri kutoka, tukakuta barua moja yenye kiambatisho, imekaa pale tangu jana yake jioni. Kila programu ilipojaribu kuitoa, seva ya kutuma iligoma, na kidirisha kikazuka. Nikatazama tena ule mstari. Jina la mtumiaji lilikuwa jina lake tupu, halina alama ya @ wala kilichofuata. Barua zetu zilikuwa zimehamishiwa seva mpya inayotaka anwani nzima. Aliyemrekebishia alibadilisha upande wa kupokea, upande wa kutuma akausahau. Mama yule angeweza kuandika nywila mpaka machweo; kwa jina lile hakuna nywila ambayo ingekubaliwa. Nikaiandika anwani kwa ukamilifu, yeye akaandika nywila mara moja, na barua ikaondoka.

Sasa niseme kuhusu sababu ambayo nakutana nayo kuliko zote miaka hii, nayo ni kwamba watoa huduma wakubwa waliacha kupokea nywila ya kawaida kutoka kwa programu hizi. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi kuanzia tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuizima kwa wateja wa Exchange Online, huduma yake ya barua za ofisi, tarehe 1 Oktoba 2022, na kwa akaunti binafsi za Outlook.com ikafuata tarehe 16 Septemba 2024. Badala yake wanataka OAuth2. Hapo programu haikuulizi nywila yenyewe. Inakufungulia ukurasa wa mtoa huduma, unaingia huko, unathibitisha kwa simu kama umeweka uthibitishaji wa hatua mbili, kisha mtoa huduma anaipa programu tokeni, yaani kibali cha muda badala ya nywila. Tokeni ya kufungulia barua huwa na maisha mafupi, mara nyingi kama saa moja, na programu ina tokeni nyingine ya kuombea mpya bila kukusumbua.

Naunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Nywila yako haikai tena ndani ya programu, na kompyuta ikiibiwa unaifutia ruhusa hiyo moja bila kugusa vifaa vingine. Ubaya ni jinsi yalivyowafikia watu. Aliyesanidi akaunti yake mwaka 2016 bado mipangilio yake inasema "nywila ya kawaida". Programu inatuma nywila, seva inaikataa kwa sababu haipokei tena nywila hiyo ya kawaida, na programu inageuka kumwambia mwenyewe aandike nywila. Hata akiiandika bila kosa, jibu litakuwa lilelile.

Tiba ni kwenda kwenye mipangilio ya akaunti, kutafuta namna ya uthibitishaji na kuchagua OAuth2, upande wa kupokea na upande wa kutuma pia. Kisha futa nywila ya zamani iliyohifadhiwa, funga programu, uifungue upya. Kwenye Thunderbird, moja ya programu hizi za barua, kama akaunti ni ya Google, hakikisha vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kompyuta yako) vimeruhusiwa, maana dirisha la kuingilia linavihitaji na bila hivyo utazungushwa bila kufika. Na kama programu yako ni ya zamani mno, mfano Outlook 2010, haiifahamu njia mpya hata kidogo. Usipigane nayo. Weka toleo jipya au hamia programu nyingine.

Kuna njia ya katikati ambayo Google bado inaitoa, nayo ni nywila ya programu: herufi 16 zinazotengenezwa kwa ajili ya programu moja tu, na ili uzipate lazima uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Apple nayo ina utaratibu wa namna hiyo kwa barua za iCloud. Inafaa, ila ina jambo moja linalowashangaza watu: ukibadilisha nywila kuu ya akaunti ya Google, nywila zote za programu hufutwa. Kidirisha kinarudi kesho yake, mtu anaandika nywila kuu mpya, inakataliwa, na tumerudi pale pale.

Kuhusu kufuta nywila iliyohifadhiwa, watu hulipuuza kwa kudhani kuandika juu yake kunatosha. Wakati mwingine kunatosha, wakati mwingine programu inaendelea kuchota ile ya zamani kutoka ghalani. Ghala hilo kwenye Windows linaitwa Credential Manager, kwenye Mac ni Keychain, na Thunderbird ina orodha yake ndani ya mipangilio ya faragha na usalama. Ifute pale, ndipo uanze upya. Kwenye Outlook yenye akaunti ya Exchange, angalia pia kisanduku kinachoiamuru iombe utambulisho kila mara. Kikiwa na tiki, programu inafanya hasa kile ilichoambiwa. Na Thunderbird ina nywila kuu yake, inayolinda orodha ya nywila zote. Kidirisha cha nywila hiyo hakitaji seva yoyote. Mtu aliyeiweka zamani akaisahau ataingiza pale nywila ya barua pepe na kukataliwa kila siku, ilhali anaulizwa kitu kingine.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu si ya kila siku. Saa ya kompyuta ikiwa nyuma au mbele sana, vyeti vya usalama vya seva vinaonekana vimeisha au havijaanza kufanya kazi. Antivairasi inayojipachika kati ya programu na seva ili kukagua barua inaweza kuharibu mazungumzo yao. Izime kwa dakika mbili, ujaribu, uiwashe tena. Na miunganisho ikizidi inaleta mgomo: Gmail inaruhusu miunganisho 15 ya IMAP kwa wakati mmoja kwa akaunti moja, kwa hiyo akaunti ya ofisi inayofunguliwa na watu nane, kila mmoja na simu na kompyuta, inaweza kuvuka hapo bila mtu kujua.

Wanaotengeneza programu hizi ninawaomba jambo ambalo liko ndani ya uwezo wao kabisa. Andikeni kwa herufi za kuonekana ni seva gani inayouliza, na ni ya kupokea au ya kutuma. Onyesheni maneno ya seva kama yalivyokuja, hata kama ni magumu, maana anayekuja kusaidia atayaelewa. Na ikishindikana mara mbili kwa nywila ileile, acheni kuuliza. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mara ya tatu seva itabadili mawazo.

Wiki iliyopita yule mama alikuja mezani kwangu na kikaratasi. Alikuwa ameandika kwa kalamu: "Kivinjari kinafungua. Kinachouliza ni imap, si smtp. Jina lina @ lote. Kimeanza leo baada ya kubadilisha nywila." Sikuhitaji kumuuliza swali hata moja. Tukaenda moja kwa moja kwenye Credential Manager, tukaifuta nywila ya zamani iliyokuwa bado imelala humo, na kabla hatujainuka alikumbuka mwenyewe kwamba simu yake nayo bado ina ile ya zamani.