Siku ya Mvua Ndiyo Siku ya Kwenda Kutazama Mbio za Pikipiki

Utabiri wa hewa ukishataja mvua siku ya mbio, kuna watu huanza kutafuta wa kumuuzia tiketi. Maoni yangu ni kinyume kabisa: tiketi ya siku ya mvua ndiyo yenye thamani, ila inamlipa yule tu aliyejiandaa kuanzia chini, yaani miguuni na makalioni, na anayejua kuyasoma maji.

Kwenye lami kavu pikipiki yenye nguvu huitumia nguvu yake yote. Lami ikilowa, tairi la nyuma haliwezi kuihimili nguvu hiyo, hivyo ubora wa injini unapungua maana na kazi inabaki mikononi na machoni pa dereva. Ndiyo maana mvua hubadili majina ya washindi. Assen, Uholanzi, mwaka 2016 mbio zilisimamishwa kwa mvua kubwa, zikaanza upya kwa mizunguko 12, na Jack Miller, aliyekuwa kwenye timu binafsi, siyo ya kiwanda kinachotengeneza pikipiki, akapata ushindi wake wa kwanza katika MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani. Le Mans, Ufaransa, mwaka 2025 Johann Zarco alishinda kwenye maji na kuwa Mfaransa wa kwanza kushinda daraja la juu nyumbani kwao tangu 1954. Siku kama hizo aliyeuza tiketi hujuta.

Sasa mwili. Wengi hujikinga vizuri juu, wakalowa kutokea chini. Koti la mvua lenye kipimo cha kuzuia maji cha milimita 10,000 (urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa huihimili kabla ya kuvuja), ambalo mishono yake imezibwa kwa utepe kwa ndani, litastahimili siku nzima ya mvua. Lakini suruali ya kitambaa hichohicho itavuja ukikaa, kwa sababu uzito wa mwili unayasukuma maji yaliyo kwenye kiti yapenye. Dawa yake ni kipande cha mkeka wa mazoezi, ile sponji ngumu isiyonyonya maji, sentimita 40 kwa 40, unene sentimita moja au zaidi. Hakina uzito, kinazuia maji, na kinakata baridi ya bati au saruji. Katika vitu vyote vya kubeba, hicho ndicho cha kwanza.

Jinzi iache nyumbani. Pamba inanyonya maji, inakuwa nzito, inang'ang'ania ngozi na haikauki mpaka usiku, na upepo ukiipiga inafyonza joto la mwili. Vaa ndani nguo nyepesi ya poliesta au sufu, juu yake sweta, kisha koti na suruali ya mvua. Poncho, lile vazi pana la mvua lisilo na mikono, ni nzuri kwa kusimama tu. Ukikaa inatengeneza bwawa mapajani, na ukiinuka kushangilia bwawa lote linamwagikia viatuni. Miguuni mabuti ya mpira hayana mpinzani, mradi yawe makubwa kidogo ili soksi nene iingie bila kubana. Mguu uliobanwa hupoa haraka. Na jozi moja ya soksi kavu ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, usiiguse mpaka nitakapoitaja tena.

Mwamvuli nauchukia waziwazi. Unamkinga mmoja na kuwaziba watatu walio nyuma, matone yake yanaishia shingoni mwa jirani, na upepo wa kwanza unaugeuza ndani nje. Badala yake vaa kapelo chini ya kofia ya koti. Ule ukingo wa kapelo unazuia kofia isikufunike macho unapogeuka kufuata pikipiki, na anayevaa miwani ataona ng'ambo ya njia badala ya kuhesabu matone kwenye kioo.

Vizibo vya masikio viweke kabla ya kuvaa glavu, vidole vikiwa bado vikavu. Sponji yake ikilowa haifinyangiki vizuri, na kizibo kisichokaa sawa hakisaidii kitu. Tiketi ya kwenye simu ipige picha ya skrini mapema, au ichapishe na uitie kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu skrini yenye matone haitii kidole na langoni mtandao huelemewa na watu. Begi lenyewe livalishwe mfuko mkubwa wa taka kwa ndani, siyo kwa nje. Kwa nje upepo utauchana.

Mahali pa kukaa ndipo penye mjadala wa kweli. Jukwaa lenye paa halimaanishi kiti kikavu: upepo ukivuma kutoka upande wa njia, safu za mbele hulowa kama hazina paa kabisa. Chagua kuanzia katikati kwenda nyuma. Kwenye mteremko wa majani kaa theluthi ya juu. Maji yote ya kilima hushuka, na kufikia alasiri chini kule karibu na uzio panakuwa tope. Kiti cha kukunja huzama miguu ardhini. Weka kibao chini yake, au achana nacho ukalie ule mkeka.

Na usikae kwenye mnyoofu mrefu, yaani sehemu ya njia isiyo na kona. Kwenye kavu kasi yake inasisimua, lakini kwenye mvua matairi hurusha ukungu wa maji mzito kiasi kwamba utaziona taa nyekundu za nyuma tu zikipita. Tafuta kona ya polepole mwishoni mwa mnyoofu. Hapo ndipo breki zinapoanza mapema kuliko kawaida, kila dereva akipima kwa vidole viwili ni kiasi gani tairi la mbele litakubali. Angalia mwinamo: kwenye kavu pikipiki za MotoGP hulala zaidi ya nyuzi 60, kwenye maji zinabaki wima zaidi, na wakitoka kona wanaiinua pikipiki mapema kabla ya kufungua mafuta. Utaona pia wengine wanaiacha njia ya kawaida na kupita pembeni yake. Ile njia ya kawaida imepakwa mpira wa matairi kwa siku kadhaa, na mpira huo ukilowa unaweza kuteleza. Mistari iliyopakwa rangi na kingo za kona ni mbaya zaidi, tazama wanavyoikwepa.

Raha kubwa huja mvua inapokatika. Lami iliyolowa ni nyeusi na inang'aa. Ikianza kukauka, mstari wa kijivu hujitokeza pale matairi yanapopita, kwanza upana wa kiganja, kisha upana wa mkono. Tairi la mvua lina mpira laini sana na mifereji ya kutoa maji. Kwenye lami kavu linapata moto kupita kiasi na vipande vyake vinaanza kumeguka. Kwa hiyo ukimwona dereva anatoka kwenye mstari mkavu hapo kwenye mnyoofu na kutafuta madimbwi, anayapoza matairi yake, na ujue kwamba uamuzi uko karibu. Katika MotoGP, bendera nyeupe ikitolewa, dereva anaruhusiwa kuingia piti, yaani eneo la mafundi kando ya njia, na kupanda pikipiki ya pili yenye matairi ya aina nyingine: kutoka ya mvua kwenda matairi kipara yasiyo na mfereji hata mmoja, au kinyume chake. Njia ya piti ina kikomo cha kilomita 60 kwa saa, hivyo kubadili kunagharimu muda, na kuchelewa kubadili kunagharimu zaidi. Sachsenring, Ujerumani, mwaka 2016 Marc Márquez aliwahi kwenda kwenye matairi kipara huku waliokuwa mbele wakiendelea na ya mvua, akawashinda kwa takriban sekunde 10. Brad Binder alifanya kinyume chake Austria mwaka 2021: mvua ilishuka mwishoni, walio mbele wakaingia piti, yeye akabaki na matairi kipara juu ya maji, akashinda. Mtazamaji aliyezijua bendera aliyaelewa haya yakitokea. Nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari ni matone ya mvua sehemu hiyo ya njia. Ya mistari myekundu na ya njano ni utelezi.

Beba redio ndogo yenye spika za masikioni kama uwanja hurusha matangazo yake. Vipaza sauti havisikiki chini ya mvua na injini, na bila matangazo hutajua nani amebadili na nani bado.

Kungoja ni sehemu ya tiketi, na wakati mwingine mbio hazifanyiki kabisa. Silverstone, Uingereza, mwaka 2018 lami mpya haikuweza kutoa maji. Siku moja kabla, madereva kadhaa waliangukia mahali pamoja kwenye maji yaliyotuama na mmoja akavunjika mguu. Siku ya mbio watu walingoja tangu asubuhi hadi alasiri, kisha mashindano yakafutwa. Uamuzi ulikuwa sahihi. Tairi linaloelea juu ya maji halina breki wala usukani, na hakuna burudani inayostahili hilo. Kwa hiyo soma masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kununua, na uje na chupa ya kinywaji moto na chakula cha saa nne zaidi ya ulivyopanga. Pombe haikupi joto. Inaufanya mwili ulipoteze haraka. Ukianza kutetemeka, nenda mahali palipofunikwa hata kama mbio zinaendelea. Radi ikisikika, ondoka kwenye uzio na majukwaa ya chuma, na usirudi kabla ya dakika 30 tangu mlio wa mwisho.

Aliyekuja kwa pikipiki aweke kipande cha bati au kibao chini ya stendi ya pembeni, la sivyo ardhi ikilainika stendi itazama na ataikuta imelala. Helmeti isiachwe kwenye kiti tundu lake likitazama juu, inajaa maji kama sufuria. Aliyekuja kwa gari aegeshe sehemu ya juu, pua ikitazama njia ya kutokea, na kwenye tope aondoke kwa gia ya pili bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Tairi likizunguka bure linajichimbia shimo. Likikwama, zulia za miguuni ziende chini ya matairi yanayovuta.

Mbio zikiisha usikimbilie maegesho. Kila mtu anakwenda kule kwa wakati mmoja, na tope linakorogwa na magari ya mwanzo. Kaa kwenye mkeka wako kama dakika 40, mimina kilichobaki kwenye chupa. Ukifika kwenye gari vua mabuti, jifute miguu mpaka katikati ya vidole, na hapo sasa ufungue ule mfuko wa soksi kavu.