Jabali Kameza Hadithi

Jina langu ni Ali, na hilo ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nimeandika hadithi ya kurasa 40. Shujaa wake ni kijana wa miaka 19, daktari bingwa wa upasuaji, rubani, msemaji wa lugha tisa, na akiimba ndege wanatua kumsikiliza. Ana kovu shavuni, ila kovu lenyewe limemzidishia uzuri. Nikakumbuka kwamba mhusika hakosi kasoro, nikampa moja: mpole kupita kiasi. Jina lake Ali. Imetokea tu, wallahi.

Usiku wa kuamkia kikao chetu cha waandishi, aibu ikanishika. Nikaiamuru kompyuta: kila penye "Ali", weka "Jabali". Badilisha zote. Ikajibu imebadilisha mahali 1,312. Lo, kumbe nimemtaja hivyo! Nikachapa nakala saba, nikalala usingizi wa mtu aliyeficha ushahidi.

Kesho yake nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasoma: "Jabali Jabaliingia chumbani. Mgonjwa Jabalikuwa hJabali mahututi."

Kimya. Nikaruka aya nzima, nikaanguka pabaya zaidi: "Adui Jabalipiga magoti, Jabalilia, Jabaliomba msamaha kwa sauti kJabali."

Kijana mmoja aliyekuwa ametangulia kurasa akapiga ukelele. "Jamani, mpaka kwenye asali kaingia! Ukurasa wa tisa, asJabali!" Basi tena. Mwenye kucheka akacheka, mwenye kukwama na chai puani akakwama.

Mwalimu wetu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, akavua miwani na kuifuta taratibu.

"Mwanangu," akasema, "mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Paula Smith, alitunga hadithi fupi ya dhihaka. Luteni Mary Sue, miaka 15 na nusu, mdogo kuliko maluteni wote wa anga za juu. Kila kitu anakiweza, na akifa wote wanamlilia. Tangu hapo mhusika asiye na doa huitwa Mary Sue."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Lakini vipaji si tatizo," akaendelea. "Mpe vipaji hata mia. Tatizo ni dunia nzima kumwinamia. Adui wake anashindwa kabla hajanyanyua mkono, rafiki zake hawana kazi ila kumsifu, hata mvua inangoja amalize kusema. Ila huyu wako ni kiboko. Mary Sue aliteka chombo kimoja tu cha anga. Jabali kateka sarufi."

Nikaomba ardhi ipasuke. Haikupasuka. Badala yake mwalimu akarudi kwenye jalada, akalisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti: "Mtunzi: Jabali."

Vichwa sita vikanigeukia kwa pamoja.

"Na mtunzi naye," akauliza mwalimu, "ni rubani?"

Nikajibu hapana, ila ni mpole kupita kiasi.