Leya au Kienyeji: Kuku Gani kwa Familia Inayoanza Kufuga Nairobi?

Uliza mtu yeyote Nairobi uanze na kuku gani, na jibu huwa tayari: kienyeji. Hafi ovyo, hachagui chakula, yai lake lina bei, na nyama yake ndiyo nyama. Leya, kuku wa kisasa wa mayai, utaambiwa ni kuku wa biashara, wa wenye mabanda marefu kule Kiambu, hafai nyumbani. Kwa familia nyingi za jijini naona ushauri huo umekaa kinyume, na kinachoupindua ni ua wenyewe.

Sifa za kienyeji zilitoka kijijini, na huko ni za kweli. Kuku hufunguliwa asubuhi, huchakura chini ya migomba, hula mchwa, mbegu na makombo, na jioni hurudi mwenyewe. Chakula chake hakikununuliwa, kwa hiyo hata akitaga mayai 40 au 60 kwa mwaka hujapoteza kitu. Mlete kuku huyohuyo mitaa ya Nairobi kama Umoja au Utawala, kwenye ua wa saruji wenye kamba za nguo, umfungie bandani kwa sababu ya mbwa, wezi na sukuma wiki za jirani. Hapo karibu kila anachokula kimetoka agroveti. Umebaki na jina la kienyeji, lakini ile sifa iliyokufanya umtafute imebaki kijijini.

Tupige hesabu. Leya mzima hula gramu 120 hivi kwa siku, yaani kilo 3.6 kwa mwezi. Leya wa kahawia, kama ISA Brown au Lohmann Brown, akitunzwa vizuri hutaga mayai 300 hivi katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga, sawa na 25 kwa mwezi. Kila yai limetumia chini kidogo ya gramu 145 za chakula. Kienyeji aliyeboreshwa, mathalani wa KALRO Naivasha, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, mpe kiasi hichohicho naye akupe mayai 15 kwa mwezi: gramu 240 kwa yai. Kienyeji halisi ana mwili mdogo. Tuseme anakula gramu 90 kwa siku na kutaga mayai matano kwa mwezi. Kila yai limemaliza zaidi ya nusu kilo. Hata ukimshibisha na kumwondolea mayai asiatamie, akataga mara mbili ya hapo, bado hamfikii yule aliyeboreshwa. Ni kweli yai la kienyeji huuzwa ghali kuliko la leya, lakini anayefuga ili watoto wapate yai la asubuhi hauzi.

Halafu kuna majogoo, jambo ambalo wauzaji wa vifaranga hulipita haraka. Vifaranga wa leya wa kahawia hujulikana jinsia siku ileile wanapoanguliwa: majike wana manyoya ya kahawia, madume ni weupeweupe. Ukiagiza leya kumi, unapata majike kumi. Kienyeji walioboreshwa kwa kawaida huuzwa mchanganyiko, na karibu nusu yao hugeuka majogoo. Mwenye shamba atawachinja Krismasi au kuwapeleka soko la Burma, ambako jogoo mzuri wa kienyeji hapati shida kupata mnunuzi. Anayeishi kwenye nyumba za kupanga ana majogoo watano wanaowika saa kumi alfajiri, na mwenye nyumba hatangoja Krismasi. Wala huhitaji jogoo ili kuku atage. Jogoo ni wa anayetaka vifaranga.

Lakini leya naye ana madai yake, na ni mazito. Ameumbwa kutaga, na mwili wake hauna akiba. Siku pesa ya chakula ikikosekana, ukaanza kumpa mahindi matupu na maganda ya viazi, mayai hupungua upesi na maganda yake huwa laini kwa kukosa chokaa. Wakibanana au wakikosa protini huanza kudonoana. Mmoja akishatoka damu mkiani, wenzake hawamwachi mpaka umtenge. Haatamii, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi wa umri utagaji wake hushuka, hivyo lazima ununue wengine. Familia ambayo kipato chake huja na kukatika, kama cha fundi anayesubiri kazi, ina sababu nzuri ya kumkwepa. Kienyeji aliyeboreshwa huvumilia zaidi mwezi mbaya, hutumia vizuri mabaki ya mboga, na mwisho wake ana nyama ya kuridhisha. Mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia kule Ruai, yenye nyasi na ukuta mzima, namwambia achukue huyo bila kusita.

Kuna pia kuku aina ya Kuroiler kutoka India na Sasso wa Ufaransa, wanaopendwa kwa kunenepa haraka. Kwa anayetaka nyama, ni sawa. Ila ni chotara, na vifaranga utakaoangua kutokana na mayai yao hawatafanana na wazazi, kwa hiyo usinunue ukidhani umepata mbegu ya miaka.

Kuna imani moja inayoua kuku wengi: kwamba kienyeji hapati magonjwa. Kideri, yaani Newcastle, humwangusha kienyeji kama anavyomwangusha leya. Unamkuta amezubaa, kinyesi cha kijani, shingo imepinda, na ndani ya siku chache banda ni tupu. Chanjo ipo, nyingine hutengenezwa hapahapa Kenya na KEVEVAPI, taasisi ya chanjo za mifugo, lakini chupa huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumbani, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Zungumzeni majirani mchanje siku moja. Ikiwa ni chanjo ya kunywa, msitumie maji ya mfereji yenye klorini, kwa sababu klorini huua chanjo yenyewe. Maji safi ya mvua ni bora.

Na rangi ya kiini cha yai isimfanye mtu aukatae uzao wowote. Njano ile hutokana na majani na mahindi ya njano. Mpe leya mchicha kila siku pamoja na chakula chake kamili, utaona.

Kwa hiyo kwa familia yenye ua mdogo na mshahara wa kila mwezi, ningeanza na leya sita. Hao huhitaji kilo 22 hivi za chakula kwa mwezi na hutoa karibu trei tano. Wasiwe vifaranga wa siku moja: hao wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na Julai ya Nairobi pamoja na stima inayokatika usiku haimsaidii mgeni. Nunua tembe wa wiki 16 hadi 18 waliokaribia kutaga. Bei yake iko juu, lakini miezi ile migumu imeshapita mikononi mwa mwingine. Muulize muuzaji walichanjwa nini na lini, yaani magonjwa ya kideri, Gumboro na ndui, na akuonyeshe alikoandika tarehe. Asipokuwa na rekodi, tafuta muuzaji mwingine, hata kama kuku wake wanang'aa.