Nitukaneni, ila Pontiac Grand Prix ya 1969 inazifunika Mark IV na Eldorado

Wakuu, jumamosi iliyopita nimeshinda kwenye parking ya supamaketi moja hapa Columbus, Ohio, kila kiangazi wazee wenye magari ya zamani wanakuja kuyapanga pale, wanafungua boneti, wanakaa kwenye viti vya kukunja na kahawa zao na wewe unazunguka unashangaa bure. Siku hiyo zilikuwa zimejaa zile ndinga za mwanzoni mwa miaka ya 70, milango miwili tu, boneti ndefu kama uwanja, buti fupi, ndani kapeti inameza kiatu. Wamarekani wana jina la kundi hili zima, ukilileta kwetu ni kama kusema gari la anasa la mwenyewe, yaani siyo la kupakia familia, siyo la bosi kukaa nyuma akisoma gazeti, ni la yule aliyeshika stelingi. Na hapo kwenye "la mwenyewe" ndipo ugomvi wangu ulipo.

Maana ukiuliza ipi ilikuwa kali kuliko zote utajibiwa Lincoln Mark IV au Cadillac Eldorado, kwisha habari. Mi nakataa.

Tuanze na Mark IV kwa sababu ndiyo yenye mashabiki wenye kelele. Mtangulizi wake Mark III, iliyotoka 1968, ilizaliwa na wazo la Lee Iacocca, mmoja wa mabosi wa Ford wenye Lincoln, kwamba chukua Thunderbird, gari lingine la Ford, ibandike grili ya kufanana na Rolls-Royce. Ndiyo hivyo tu, na watu wakanunua kweli kweli. Mark IV ya 1972 ikaja kubwa zaidi, karibu mita 5.6, na saa ya Cartier kwenye dashi na kile kidirisha cha umbo la yai kwenye nguzo ya nyuma. Kwa mlioko nyumbani, chukua Landcruiser V8 ya mheshimiwa, irefushe sentimita 60 na ushee, halafu ing'oe milango miwili. Thunderbird ya mwaka huohuo chini ni gari lilelile, kwa hiyo mwenye Mark IV alitoa zaidi ya dola 8,000 za wakati ule na sehemu kubwa ya hela hiyo ilienda kwenye sura.

Iliyokuwepo jumamosi ni ya rangi ya dhahabu imefifia kidogo. Taa zake zimefichwa nyuma ya vifuniko vinavyoendeshwa kwa upepo unaonyonywa na injini kupitia vimipira vyembamba, sasa mpira ukishafika miaka 50 hauna tena nguvu ya kuzuia chochote, basi jicho moja limefumba na lingine linachungulia, mwenyewe anacheka anasema huyu ananikonyeza tangu asubuhi. Akaniruhusu nikae ndani. Siti ni sofa la sebuleni kabisa, sikatai, lakini ukigeuka kutaka kurudi nyuma huoni kitu, nguzo pana, kile kidirisha cha yai ni cha kupitishia kope tu, na mlango ni mrefu kiasi kwamba ukipaki katikati ya gari mbili unabaki unajikunja kutoka kama unatoka dirishani. Aliyenufaika na uzuri ule ni nani? Ni mimi niliyekuwa nje na simu napiga picha!

Eldorado ni ugonjwa huohuo. Injini lita 8.2, silinda nane. Nyumbani ukisema V8 mtu anawaza Landcruiser ya serikali, basi hii ni karibu mara mbili ya ile. Mwaka 1970 waliiandika nguvu za farasi 400, mwaka 1971 ikashuka 365, mwaka 1972 ikaandikwa 235, na watu mpaka leo wanabishana ni nini kilitokea. Vitu viwili. Kwanza mwaka 1971 GM (General Motors, wenye Cadillac, Oldsmobile, Buick, Pontiac na Chevrolet) walipunguza kompresheni, yaani namna injini inavyobana hewa na mafuta kabla ya kuyawasha, ili injini zao ziweze kunywa petroli yenye madini ya risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, hapo nguvu ilipungua kweli. Pili mwaka 1972 wakabadili namna ya kupima, zamani injini ilipimwa ikiwa uchi kwenye stendi, sasa ikapimwa imevalishwa ekzosi na vikorokoro vyake kama ilivyo ndani ya gari. Kwa hiyo farasi wengi kati ya waliopotea hawakuwahi kuwepo barabarani, walikuwa wa kwenye karatasi.

Oldsmobile Toronado wengi wanaipita kama hawaioni. Mi naiheshimu kuliko Eldorado kwa sababu ndiyo iliyothubutu kwanza, mwaka 1966 Oldsmobile waliweka injini kubwa ya V8 inazungusha magurudumu ya mbele, jambo ambalo hakuna kampuni ya Marekani ilikuwa imelifanya tangu Cord ya miaka ya 30. Sakafu ndani ni bapa, hakuna ile nundu ya katikati. Ile ya 1971 iliwekewa taa za breki za ziada juu, chini ya kioo cha nyuma, miaka mingi kabla serikali yao haijalazimisha taa ya juu kwenye kila gari jipya. Sura yake bahati mbaya ilikuja kupoa.

Haya, Riviera. Hapa moyo unanisaliti. Buick Riviera ya 1971 mpaka 1973, kioo cha nyuma kimekunjwa kinashuka kwa ncha kama tezi la boti, aliyeichora ni Jerry Hirshberg chini ya Bill Mitchell aliyekuwa mkuu wa wachoraji wote pale GM. Wazo lilikuwa la gari dogo zaidi kisha likaishia kuwekwa juu ya chesisi kubwa, ndiyo maana ukiitazama kwa ubavu unaona kama nguo nzuri imeshonewa mtu mwingine. Ya 1971 utaijua kwa vile vipasuo vya hewa juu ya buti, mwaka uliofuata vikaondoka. Ilikuwa inauza chini ya 35,000 kwa mwaka, kwa gari la GM hizo ni hesabu za kuitwa ofisini, na 1974 mkia ukakatwa. Nilisimama nyuma yake dakika kumi nzima. Nyuma, siyo ndani.

Sasa Grand Prix. John DeLorean akiwa mkuu wa Pontiac alichukua umbile la gari la kati, siyo lile kubwa, akalivuta mbele likapata boneti ya karibu mita mbili, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yakaachana inchi 118. Ujanja wa bei nafuu, sawa, hata majina ya matoleo yake, J na SJ, aliyaokota kwa Duesenberg, gari la matajiri wa kabla ya vita, kwa hiyo mikwara ipo na yeye. Ila mwaka 1968 Grand Prix ya zamani iliuza chini ya 32,000 na mwaka 1969 hii mpya ikapita 112,000. Chevrolet wakatumia umbile hilohilo 1970 kutoa Monte Carlo, ya dola 3,100 na kidogo hivi, ya mwalimu na fundi wa kiwandani, nzuri tu ila dashi yake haina maajabu.

Na mimi nazungumzia dashi. Jirani yangu ana ya 1969 na alinipa niiendeshe kuzunguka mtaa, akasema breki usikanyage, iguse, mimi nikakanyaga na wote tukaenda kusalimia kioo. Samahani mzee. Lakini ukishakaa unaona dashi yote imejikunja kukufuata wewe, mita zinakutazama, swichi ziko usawa wa vidole, abiria mbele yake ameachiwa ubao mtupu hana cha kugusa. Hata antena ya redio hawakutaka ikuharibie boneti unayoitazama, wakaificha ndani ya kioo cha mbele, nyuzi nyembamba huzioni mpaka jua lipige kwa upande. Stelingi unaizungusha kwa kidole, haikuambii chochote kuhusu barabara, mafuta inabugia, kilomita 4 au 5 kwa lita siku ikiwa na huruma. Lakini kila kitu mle ndani kilifikiriwa na mtu aliyekaa kwenye kile kiti, na kati ya zote za jumamosi sikuona nyingine ya hivyo.

Mwaka 1973 nayo ikanenepa na kuwekewa bampa nzito za sheria mpya, oktoba Waarabu wakaifungia Marekani mafuta, ikaanza foleni ya vituo vya petroli na sheria ya spidi isizidi maili 55 kwa saa, hayo mnayajua.

Mzee mwenye Grand Prix ameniuliza nikipata hela nitanunua ipi, nimemwambia hii yako. Riviera anunue jirani wa mbele, apaki mkia ukiangalia dirisha langu.