Laptopu Yangu Inadai Cheti

Kilichoniponza ni mdomo. Wiki nzima ya kwanza chuoni niliwatangazia wenzangu wa bweni kwamba mimi si mtu wa Windows, mimi natumia Linux. Laptopu yenyewe mtumba wa Kariakoo, betri ilishakufa, ukichomoa chaja inazima kama kibatari kilichopulizwa. Lakini ndani kuna MX Linux, basi nikajiona fundi.

Ikafika siku ya kuunga waifai ya chuo. Hii si ile ya mgahawani ya kumwomba mhudumu nywila. Kila mwanafunzi anaingia kwa jina lake na nywila yake. Wenzangu wakabofya mara mbili tatu, wakaanza kushusha tamthilia. Mimi likanifungukia dirisha refu kama fomu ya mkopo: PEAP, MSCHAPv2, majina ya njia za kuhakiki nywila, na chini yake cheti cha usalama, kile cha kuthibitisha kwamba mtandao ni wa chuo kweli. Kulikuwa na kisanduku cha kuruka cheti. Nikakataa kwa sauti, makusudi wasikie: "Ukiruka cheti, mtu anawasha ruta yake, anaipa jina la chuo, anazoa nywila zenu!"

Na ni kweli kabisa. Wakaendelea na tamthilia.

Nikapakua cheti kwa simu, kwa bando langu, nikakihamishia kwenye laptopu, nikabofya. Dirisha likarudi: weka nywila. Nikaweka. Likarudi. Nikaandika herufi moja moja kwa kidole kimoja. Likarudi, kama mwenye nyumba tarehe mosi.

Nikaenda TEHAMA kubadilishiwa nywila. Mara tatu. Mara ya nne nikasema, "Kaka, nadhani laptopu yangu inadai cheti."

Hata macho hakuinua. "Cha kuzaliwa au cha kidato cha nne? Vyeti ni ofisi ya taaluma, mlango wa pili."

Nilipomweleza vizuri akaichomeka, akafungua kumbukumbu za mfumo, akasoma, akaguna. Kisha akagusa kona ya kioo. "Mdogo wangu, kwako leo tarehe ngapi?"

1 Januari 2008.

Kumbe ile betri ya ndani ya kutunza saa, ya duara kama sarafu, nayo ilishakata roho. Mimi tarehe ile nilishaizoea, kama saa ya ukutani kwa bibi.

"Cheti chetu ni cha 2023," akasema. "Kwa laptopu yako hakijazaliwa. Inaiona seva yetu tapeli, inakata mazungumzo kabla ya kuipa nywila. Hizo zote tulizokubadilishia hazijatufikia hata moja."

Nikauliza kwa nini saa isijirekebishe yenyewe kwa intaneti. Akanitazama tu, mpaka nikajijibu mwenyewe.

Akaweka tarehe. Sekunde mbili, imeunga! Nikamshukuru, nikachomoa chaja, nikakimbilia bwenini kuwaonyesha. Nikawakusanya, nikawasha.

Weka nywila.

Asubuhi nilipochungulia pale TEHAMA, yule kaka aliniwahi: "Heri ya mwaka mpya!"