Mashine haitaanza na zamu

Mwaka 2013 maroboti mawili ya alumini yalisimamishwa kwenye barabara za Kinshasa kuongoza magari. Yalibuniwa na wahandisi wa humu humu nchini wakiongozwa na Thérèse Izay, yalipata umeme wa jua, yalinyanyua mikono na kuwasha taa nyekundu na kijani. Wapo waliosema polisi wa roulage, yaani wa barabarani, kazi imemwishia. Simama leo kwenye njia panda ya katikati ya Lubumbashi, mji wetu wa migodi, jioni, watu wanapotoka kazini: anayenyanyua mkono ni yule yule polisi, na filimbi yake na jasho lake, na dereva wa taksi anamsoma uso kwanza kabla ya kuamua kama atasimama.

Mjadala wa mashine na kazi unapofika kwetu huwa umebeba hesabu za kwingine. Mwaka huo huo wa 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zimo katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Benki ya Dunia nayo, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 2016, ilisema theluthi mbili ya ajira katika nchi zinazoendelea ni kazi ambazo mashine inaweza kuzifanya. Wanaopenda kutisha huishia hapo. Ripoti hiyo hiyo iliongeza kwamba mishahara midogo, pamoja na teknolojia kuchelewa kufika, hupunguza sana hatari yenyewe. Mashine kuweza kazi ni jambo moja. Mwajiri kuona faida ya kuinunua ni jambo jingine kabisa.

Tumchukue zamu, mlinzi wa nyumba. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa faranga 7,075 kwa siku mwaka 2018, na mwaka 2025 serikali ikakipandisha zaidi ya mara mbili. Zamu wengi hawana karatasi yoyote ya mkataba, kwa hiyo hata hawana uhakika kama kima hicho kinawahusu. Mwekee mwajiri wake kamera nne ukutani. Zitahitaji umeme, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaujua mwenyewe. Zitahitaji betri, intaneti, na mtu wa kutazama picha. Halafu mwizi akionekana kwenye picha, nani atatoka nje? Zaidi ya hayo, zamu hakai tu getini. Anafungua lango, anaosha gari, anachota maji bomba linapokauka, anapokea mgeni na kumwambia bwana hayupo wakati bwana yupo. Kazi nyingi za mshahara mdogo mjini hapa ziko hivyo: ni kazi tano zilizolipwa kama moja. Mashine hununuliwa kwa kazi moja inayojirudia.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema wafagiaji, wapakuzi wa mizigo na wahudumu wa mikahawa ya Lubumbashi ndio watakaotangulia kuondoka. Lakini kinachowalinda si sheria wala ustadi unaoheshimiwa. Wanalindwa na unafuu wao. Siku mishahara yao itakapofikia kiwango cha kumlisha mtu na watoto wake bukari (ugali) mara mbili kwa siku, waajiri watasema: basi, tutanunua mashine. Kwa kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa kitisho hicho kina ukweli fulani. Kwa zamu naona ni maneno tu ya kumfanya mtu asiombe nyongeza.

Tugeukie migodini, maana huko ndiko mambo yalipo mazito.

Wanaosema mashine si adui wana historia ya mji huu upande wao, na ni historia isiyofanana na ile ya vitabu vya Ulaya. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Kwa mshahara wake watu walijenga nyumba, na shule zake na hospitali zake zililea familia nzima. Kisha vipuri vikakosekana, mitambo ikachakaa, mgodi wa chini wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo ya ule wa zamani. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa waondoke katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Jina hilo hadi leo linawaudhi waliokuwemo. Hakuna roboti lililowafukuza wale wazee. Mitambo ilikufa, kazi zikafa nayo, na wengine wakaishia kuuza makaa au kufuata watoto wao kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Kwa mtu wa Lubumbashi aliyeyaona hayo, kumwambia aogope mashine mpya ni jambo la ajabu kidogo. Alichojifunza yeye ni kuogopa mashine iliyokwama.

Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali hadi pale tunapoangalia kilichofuata. Mitambo imerudi. Mwaka 2024 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, mara sita ya ile ya Gécamines ya 1986, na sasa nchi hii inatanguliwa na Chile peke yake duniani. Je, mishahara ya mgodi inayoingia mitaa ya Lubumbashi ya Katuba, Kenya na Ruashi imeongezeka mara sita? Zungukia makambi ya zamani ya Gécamines, ujijibu. Madini yanatoka kwa excavateur (mashine za kuchimba) kubwa zaidi, malori makubwa zaidi, na wafanyakazi wengi wanaoajiriwa na kampuni za kati, si na mgodi wenyewe. Mashine haikumfukuza mtu hapa pia. Iliongeza tani bila kuongeza watu kwa kiasi kile kile, na hilo halipigiwi kelele kwa sababu hakuna aliyepewa barua ya kuachishwa.

Hatua inayofuata inajulikana, kwa maana imeshafanyika. Nchini Chile, mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, wa kampuni ya serikali Codelco, ulifunguliwa mwaka 2008 ukiwa na malori makubwa yasiyo na dereva ndani. Shaba ya Chile na ya kwetu hupangiwa bei kwenye soko moja la London. Migodi yetu mingi iko mikononi mwa kampuni za Kichina, na China ndiyo inayofunga zaidi ya nusu ya maroboti mapya ya viwandani duniani kila mwaka. Ujuzi hauko mbali, na pesa ipo. Dereva wa lori la mgodini anapata mshahara ambao, kwa kipimo cha Lubumbashi, ni mnono. Anafanya kazi moja, inayojirudia, ndani ya uzio wenye umeme wake wenyewe. Zamu hana sifa hata moja kati ya hizo. Mashine ikija, itapita getini kwa zamu bila kumsalimia, iende moja kwa moja kwa dereva.

Halafu zamu atahisi. Mshahara wa dereva mmoja unalipa pango la nyumba, ada ya shule, manseba, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, anayempeleka mke wa dereva sokoni, na mama anayeuza samaki wakavu njiani. Hao wote hawamo kwenye orodha ya kazi zinazotishwa na roboti. Watakosa wateja tu.

Kuhusu viwanda sina mengi. Adidas ilifungua viwanda viwili vya viatu vinavyotumia maroboti, kimoja Ansbach nchini Ujerumani na kingine Atlanta, Marekani, kisha ikavifunga mwaka 2020 na kuihamishia teknolojia hiyo Asia. Wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba mikono ya bei nafuu bado inashinda. Inashinda, ila ile iliyo karibu na bandari na umeme. Kontena la kutoka Lubumbashi hupanga foleni kwenye mpaka wa Kasumbalesa kabla halijaanza hata safari ya baharini. Viwanda kama hivyo vya Adidas havikutukimbia kwa sababu ya maroboti, havikuwahi kuja.

Kuna kundi moja ninalolihofia kuliko linavyotajwa: vijana wa sekretarieti za umma, yaani vibanda vya kuchapa, wanaochapa na kupanga kazi za mwisho za wanafunzi kuzunguka chuo kikuu. Programu inayoandika na kusahihisha Kifaransa haihitaji kuvuka Kasumbalesa wala kusubiri SNEL. Mtambo wake uko nchi nyingine, na mwanafunzi anayo programu simuni. Hapa unafuu wa mshahara haumlindi mtu.

Je, sheria itasaidia? Sheria ya kazi (Code du travail) ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri apate ruhusa ya wizara kabla ya kuachisha watu wengi kwa mara moja. Ni kinga nzuri kwa aliye ndani. Mgodi mpya ukifunguliwa malori yakiwa tayari hayana dereva, mkaguzi wa kazi hana faili la kufungua, maana hakuna aliyeachishwa. Wanaotetea mashine hujibu kwamba faida itarudi kwa njia nyingine, na kwenye karatasi ni kweli: kwa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, asilimia 25 ya redevance, yaani malipo ya mgodi kwa serikali kwa madini yanayotolewa, huenda mkoani, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na nusu hubaki kwa serikali kuu. Lakini mshahara huingia Katuba kila mwisho wa mwezi bila kupita ofisini kwa mtu. Redevance hupita.

Kwa hiyo sioni maana ya vyama vya wafanyakazi kutumia nguvu zao kupinga mashine kwa jumla. Sheria hiyo hiyo ya 2018 inailazimu kila kampuni ya mgodi kutia sahihi cahier des charges na wakazi wanaoizunguka, yaani orodha ya ahadi zake kwao. Mazungumzo ya namna hiyo huelekea haraka kwenye madarasa, visima na zahanati, na ni sawa. Kifungu kinachosema ni madereva wangapi watafundishwa umakanika na umeme wa malori yasiyo na dereva, kwa gharama ya nani na kwa muda gani, kinaweza kuandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo kabla lori la kwanza halijashushwa.